Aliyeitwa Langoni

3 Machi

Sauti mwenzangu,

Nimefika salama, ila mgongo wangu una kesi na kiti cha lile basi. Mama nimemkuta kitandani. Nyonga imevunjika kweli, si "kateguka kidogo" kama tulivyoletewa salamu. Aliteleza bafuni akifuata sabuni. Nilipomuuliza kwa nini hakusema ukweli akanijibu, "Ningesema ukweli ungekuja." Nikamwambia, sasa si nimekuja? "Ndiyo maana sikusema." Huyo ndiye mama yangu, unamjua.

Daktari anasema hatasimama karibuni, na hapa hana mtu mpaka mama mdogo atakapopata ruhusa kazini. Kwa hiyo ziara ya watalii ni yako peke yako, mwenzangu. Yule mwalimu wa jiografia alituita Miguu na Sauti kwa kuwa mmoja hakutulia darasani na mwingine hakunyamaza. Sasa Sauti itabidi iote miguu.

Anzia Mnara wa Saa, wageni wakiwa bado na nguvu. Usiwaambie kuwa saa imesimama. Ngoja wagundue wenyewe, watajiona wajanja na watakupenda. Mahakama Kuu ya zamani wapitishe upande wa kivuli. Kwenye Ngazi za Soko, ukiona mzee wa watu anahema, jifanye wewe ndiye uliyechoka. Bustani ya Gavana waache wapige picha mpaka wakinai.

Malizia Lango la Chuma, pale Nyumba ya Chapa ya zamani, walikokuwa wakichapa magazeti. Usihutubu. Mwambie mgeni mmoja ashike nondo za lango, aite jina la mumewe au mkewe kwa nguvu zote. Ule ua mtupu utamjibu kwa mwangwi. Mwangwi ukichelewa, mwambie ana kesi nyumbani. Watacheka mpaka basi. Mgeni anayeondoka akicheka huleta wenzake, hiyo ndiyo biashara yetu yote.

Najua kituo kile hukipendi. Tukifika pale tu, wewe unakwenda kununua maji. Safari hii, dada, maji hayatanunuliwa na mtu.

Niandikie kila kitu. Simu ya hapa ni ya kupanda kilima, na Mama hataki nimwache peke yake.

Wako,
Miguu


17 Machi

Miguu wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana miguu imevimba sikuweza hata kuinama nikakaa! Sasa nimekuelewa. Miaka yote nilidhani kazi ngumu ni kusema, kumbe kusema ni mapumziko.

Mambo yanakwenda. Juzi nilikuwa na familia moja yenye bibi wa kuogopesha. Pale mnarani akanitazama, akaitazama saa, akasema, "Binti, saa yenu imekufa na nyinyi mnatembeza maiti." Nikakosa jibu. Hebu fikiria, mimi, nikakosa jibu! Mahakamani njiwa akamfanyia wakili mmoja jambo begani, wageni wakapiga makofi, wakadhani nimepanga.

Lakini lango, mwenzangu. Ule mzaha wako haunikai mdomoni. Nimeujaribu mara moja, mwanamke mmoja akashika nondo akamwita mumewe, na mimi nikasahau la kusema baada yake. Tukaondoka kimya kama watu wanaotoka hospitali. Naomba ruhusa nikibadilishe kituo kile, niseme kitu kingine. Wewe ndiye mwenye njia, sitaki uje useme nimekupiga teke mgongoni.

Mama anasemaje? Mpe pole zangu. Ameniulizia?

Wako kwa unyayo na kwa roho,
Sauti


29 Machi

Sauti,

Ruhusa umepewa. Badilisha unavyotaka, mradi wageni warudi. Sikujua nakutesa.

Unauliza kama Mama amekuulizia? Anakuulizia kuliko anavyoniulizia mimi niliye mbele yake. Umekula nini, unalala wapi, unawapeleka wageni wapi. Jana kaniuliza, "Bado mnaishia pale langoni?" Nikashangaa, maana ziara yetu hajawahi kuijali. Nikaona nimchangamshe. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikashika chuma cha kitanda kama nondo, nikaigiza yule mgeni wetu mnene aliyemwita mkewe mpaka akapaliwa. Niliigiza vizuri, kama ungekuwepo ungejikojolea. Mama akageuka akatazama ukuta. Nikajua ni maumivu, nikampa dawa.

Kukaa bure kunazaa maswali. Nimemuuliza habari za baba. Akanipa zilezile alizonipa nikiwa mtoto: alipelekwa kazini mpakani, akashikwa na homa, wakamzika hukohuko mimi nikiwa bado mgongoni. Kaburi hajawahi kuliona. Nikamwambia akipona twende tukalitafute. Akasema, "Nipe maji." Nikampa. Hakunywa.

Uzee huo. Au dawa.

Tuma habari, nakufa kwa upweke huku. Jogoo wa jirani ndiye pekee mwenye hoja.

Miguu


26 Aprili

Mwenzangu wa pekee,

Nisamehe kwa kimya. Hukukosea anwani, mimi ndiye sina mkono uliobaki wa kushika kalamu. Tumejaa! Wageni wanakuja wenyewe, wengine wamesikia kwa wenzao, wengine wanatoka vyuoni na walimu wao. Asubuhi kundi, jioni kundi. Jana walinisubiri mnarani kabla sijafika.

Na sababu ni lango. Nimeweka hadithi pale, ya mama mmoja wa zamani na mumewe. Si ndefu. Nikiimaliza hakuna anayecheka, Miguu, lakini hakuna anayeondoka. Wanasimama. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke mwingine alinikumbatia akalia begani mwangu, na mimi nikalia, na sikuwa naigiza. Wewe uliwafanya wacheke, mimi nimegundua kwamba watu wanatafuta mahali pa kulia kuliko pa kuchekea.

Mtangazaji mmoja wa redio alikuwemo. Amenihoji. Sijui watakitoa lini kipindi chenyewe, na pengine hakitatoka, usijisumbue kukitafuta. Redio za huko kwenu si zinakoroma tu?

Nimebadilisha na kibao cha ziara yetu pale mnarani, kile cha kwanza mvua ilikiharibu. Fundi aliandika jina langu peke yake kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo. Ukirudi tutakipanua.

Hadithi yenyewe nitakusimulia tukiwa pamoja. Ni jambo la kusema ana kwa ana.

Sauti


11 Mei

Sauti,

Redio za huku hazikoromi.

Nilikuwa namenya viazi, Mama amekalia kiti cha magurudumu tulichoazimwa na zahanati. Nikasikia wewe. Nilipiga kelele, "Mama, Sauti! Sauti yuko redioni!" Nikaongeza mpaka mwisho, na nikafungua mlango ili jirani naye asikie.

Ukasema mwaka ule wa amri ya kutotoka nje, wapiga chapa waligoma kuchapa tangazo la serikali, wakajifungia ndani ya Nyumba ya Chapa, wakakaza lango. Wanajeshi hawakutaka kulivunja, mitambo ilikuwa ya thamani. Wakaenda majumbani kutafuta wake zao. Wakampata mmoja, ana mtoto mgongoni. Wakamwambia, mwite mumeo, akitoka mtakwenda naye nyumbani. Akamwita. Mume akaijua sauti, akafungua. Wakaingia wote. Wapiga chapa wakapakiwa kwenye lori na hakuna aliyeonekana tena.

Halafu ukasema, "Mama huyo ni mama yangu. Na yule mtoto ni mimi."

Kisu kilinitoka mkononi. Sauti, baba yako alikuwa fundi cherehani. Alinishonea sare ya shule akanizidishia mifuko kwa kuwa nilipenda mifuko. Alikufa kitandani kwake mimi na wewe tukiwa watu wazima, na vikombe vya matangani nilivisuuza mimi. Unamwuaje mara ya pili, tena mikononi mwa wanajeshi, ili wageni walie? Nilicheka kwanza, kwa aibu. Nilitaka kumwambia Mama, huyu rafiki yangu amepotelewa na akili.

Nikamgeukia. Alikuwa ameshika magurudumu kama mtu anayetaka kwenda na haendi. Akasema, "Zima." Nikazima. Nikamuuliza, Mama, hii hadithi Sauti kaitoa wapi? Nikauliza tena. Akasema, "Muulize rafiki yako."

Tangu siku hiyo hali chochote. Anatazama chakula mpaka kinapoa, anakisukuma.

Basi nakuuliza. Hadithi hii ni ya nani?

Miguu


20 Mei

Miguu,

Nimeanza barua hii nikaichana, nimeanza tena nikaichana. Nitasema tu.

Ni yako. Mtoto wa mgongoni ni wewe.

Unakumbuka mwaka ulipokwenda kwenye kozi ya uongozaji watalii, Mama akaja mjini kutibiwa macho, akakaa kwangu? Siku ya kutolewa bandeji nilitaka kumfurahisha, nikasema nimtembeze njia yetu, aone kazi yetu sisi wawili. Alifurahi. Mnarani alicheka. Kwenye ngazi alinishika mkono kama msichana. Tulipokata kona na kuliona lango, alikaa chini. Barabarani, Miguu, kati ya watu. Nilidhani ni macho. Akaniambia palepale chini, bila kulia, yote, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetapika. Kisha akaniapisha nisikwambie kamwe. Niliapa. Ningefanya nini? Mtu mzima amekaa vumbini ameshika gauni langu.

Nimeibeba tangu siku hiyo. Ulipobuni ule mzaha wa mwangwi nilitaka kufa. Nilikuwa nakwenda kununua maji. Ndiyo. Sasa umejua. Kila walipoanza kuita, mimi nilikuwa dukani nahesabu chupa ambazo sikuzihitaji. Wewe ulikuwa unacheka na mimi ndiye niliyekuwa naumia kwa niaba yako, na hukuniuliza hata siku moja una nini.

Ulipoondoka nikabaki peke yangu na lango. Siku moja wageni walikuwa wananitazama wanasubiri neno, na neno nililokuwa nalo ni hilo moja. Likatoka. Mwanzo nilisema "mama mmoja". Wakatikisa vichwa wakaangalia saa zao. Siku iliyofuata nikasema "mama yangu", na nikaona sura zao zinabadilika. Ya mtu mwingine ni habari, Miguu. Ya mama yako ni msiba. Sikupanga. Lakini pia sitakudanganya kwamba nilijizuia.

Jina la Mama sikulitaja, wala lako. Hakuna anayejua. Na sema kweli, nani angeisema? Yeye angeingia nayo kaburini, na wale wapiga chapa wangebaki hawana hata mtu mmoja wa kuwavulia kofia. Nimewapa hicho. Siyo kitu?

Nimemwita Mama kwa muda mrefu kuliko unavyojua. Mimi sina mama tangu nikiwa na miaka saba. Nikisema "mama yangu" pale langoni, kuna nusu yake si uongo.

Rudi tuongoze pamoja. Isimulie wewe, nitakaa pembeni.

Sauti


2 Juni

Kwako Sauti,

Naandika mwenyewe. Herufi bado ninazijua.

Mwanangu ameondoka asubuhi. Dada yangu mdogo amefika, kwa hiyo sina shida ya mtu. Barua yako aliisoma mbele yangu, kwa sauti, kila neno, kama anavyosomewa mshitakiwa. Nilisema ni kweli. Akafunga begi. Mlangoni alisema, "Mama, umenizikia baba mpakani."

Sina ugomvi na wewe wa kupiga kelele. Ukimpa mtu moto akushikie, akichoma nyumba, kosa la kwanza ni lako. Mimi ndiye niliyekupa.

Ila nataka kukusahihisha jambo moja, kwa kuwa unawasimulia watu wengi. Redioni ulisema nilimwita kwa kilio. Sikulia. Kama ningelia angejua, na asingetoka. Alikuwa mtu mwangalifu. Nilimwita kawaida, kama anavyoitwa mtu chakula kikiwa tayari. Nilidhani kweli tutakwenda nyumbani. Ndiyo maana alifungua.

Kama utaendelea kuisema, na najua utaendelea, iseme hivyo. Usinipe machozi ambayo sikuwa nayo.

Kwangu usije.

Mama yake Miguu


9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimefika mjini. Sikuandika mapema kwa sababu kila nikiandika "Mama" mkono unasimama.

Leo nimekwenda kwenye ziara. Sikumwambia. Nilijiunga na kundi Ngazi za Soko, nikabaki nyuma ya wanafunzi warefu, hakuniona. Ni hodari, Mama. Lazima niseme. Anatembea kinyumenyume akiwatazama, hajikwai, na bibi mmoja alipohema yeye akasimama akasema, "Ngojeni, mimi nimechoka." Nilimfundisha mimi. Nilikuwa nataka kumchukia tangu ngazi ya kwanza na nikajikuta najivuna.

Tulipofika langoni wote walinyamaza kabla hajasema. Walijua wanakwenda kusikia nini. Akashika nondo. Akasimulia. Alisema uliita kwa kilio.

Alipomaliza, kijana mmoja mwenye miwani akauliza, "Samahani, dada. Na mama yako bado yuko hai?"

Sauti akainua uso, na ndipo akaniona. Mama, tulitazamana. Hapakuwa na mtu kati yetu, wale wanafunzi walikuwa wamesogea. Nilidhani atanyamaza. Nilidhani atasema, huyu hapa, muulizeni huyu. Kwa muda ule mfupi nilikuwa nimeshamsamehe, nakuapia, nilikuwa nangoja tu anipe nafasi.

Akamgeukia kijana. "Alishafariki," akasema. "Alikufa na uchungu wake."

Wageni wakasema pole, pole sana dada. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akafuta macho, akanigusa mkono. "Inasikitisha, eh?"

Nikamwambia, "Inasikitisha."

Wakaondoka naye, naye hakugeuka. Mimi nikabaki. Mama, unajua nimesimama mbele ya lango lile mara ngapi? Nimewachekesha watu pale. Nimewaambia waite waume zao, waite kwa nguvu, na asiyejibiwa nikamwambia ana kesi nyumbani. Baba alitoka kwa kuitwa kwenye lango lile, na mimi bintiye nimelifanya mchezo, na watu wawili mlijua. Mmoja alikwenda dukani. Mwingine alikuwa mbali, nikikuletea picha za kituo kile unasema, "Nzuri."

Nilitaka kumwita. Nilishika nondo, nikafungua mdomo, nikakuta sijui niite nini. Kwangu amekuwa "baba yako" tu, neno lako, si langu. Sijui alipenda kuitwa vipi. Sijui alikuwa mrefu au mfupi. Sauti anawaambia wageni alikuwa mrefu. Je, alikuwa mrefu? Nimelazimika kusikia urefu wa baba yangu kutoka kwa mtu anayewatembeza watalii.

Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kusema uongo, umeshajaa humu ndani. Na kile walichokufanyia wanajeshi si kosa lako, hilo nalijua, hata usiniulize. Ninachoshindwa kumeza ni kwamba ulipotafuta mtu wa kumwambia, hukunitafuta mimi.

Kula. Mama mdogo ananiambia huli.

Mwanao


12 Juni

Miguu,

Nimekuja kwako mara mbili, mlango umefungwa na najua uko ndani kwa kuwa viatu viko nje.

Nilisema amefariki ili nimlinde. Ningesema yuko hai wangetaka kumwona, wangekwenda na kamera mpaka kitandani kwake. Ungesema wewe nini, mbele ya watu wale wote? Nilipokuona nilichanganyikiwa, na neno lililokuja ni hilo. Ukitulia utaona kwamba lilikuwa la kumkinga.

Sisi ni watu wa kutenganishwa na neno moja? Tumelala kitanda kimoja, tumevaa viatu kwa zamu. Njia ile ni yetu sote. Nimemwambia fundi apanue kibao.

Sauti


15 Juni

Sauti,

Ulikwenda kununua maji. Kila safari ulirudi na chupa baridi, ukanifungulia kizibo kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na jasho, nikanywa, nikasema asante. Ulinitazama nikinywa. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi, siyo redio.

Nikitafuta siku ya kwanza uliyonidanganya siipati, maana kila siku nzuri tuliyokuwa nayo baada ya ile kozi inabidi niipime upya. Ile siku tuliyonyeshewa Bustani ya Gavana tukacheka mpaka walinzi wakatufukuza, ulikuwa unajua. Siku niliyokwambia ninatamani ningekuwa na kaburi la baba hata la kusafisha, ulinishika bega. Ulikuwa unajua. Ulisema, "Mungu anajua alipo."

Unasema ulimlinda Mama. Mama yu hai, na anajua ulivyomuua pale langoni, nimemwandikia. Ungekuwa umekosea neno, ungenifuata pale langoni. Uliondoka na wageni.

Chukua njia. Chukua mnara, ngazi, bustani. Kibao usikipanue, nafasi inakutosha. Siwezi kukuzuia kusimama langoni, lango si mali yangu. Ila ukifika pale, ukisema "yule mtoto ni mimi", ujue kwamba mtoto mwenyewe anakusikia, popote alipo.

Usije tena mlangoni. Na usimwandikie Mama.

Wala sina jina la kusaini hapa. Lile ulilonizoea nalo lilikuwa nusu ya majina mawili.


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekula. Mwambie mama mdogo wako aache kunisemea.

Hakuwa mrefu. Alikuwa wa kati, na alitembea haraka, kama wewe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino hata siku ya harusi, fundi wa picha akamwambia aviweke nyuma, naye akakataa. Alipenda chai iliyopoa. Alikuwa mbishi. Ukimwambia mvua itanyesha atatoka bila mwavuli ili akuonyeshe. Wenzake walimpenda lakini walimchoka. Jina nililomwitia nitakwambia kwa mdomo, sitaliandika.

Umeniuliza kwa nini sikukutafuta wewe. Nimefikiri tangu barua yako ifike.

Rafiki yako hakuwa wangu. Nilipomwambia, nilijua jioni nitamwona akiosha vyombo, kesho nitapanda basi, nitamwacha na kile kitu huko. Wewe nisingeweza kukuacha. Nikikwambia, utakuwa unajua kila siku, mezani, mlangoni, ukiniletea dawa. Nilitaka niwe na mtu mmoja duniani ambaye akinitazama anaona mama tu. Nikakuibia baba ili nimpate mtu huyo. Ndiyo kusema kweli.

Na kuna jambo sijui kama umewahi kuliona. Mimi sijawahi kukuita. Tangu unatambaa. Wanawake wenzangu walisimama milangoni jioni wakiita watoto wao, mimi nilikuwa natoka nakufuata ulipo, hata kama ni mtaa wa tatu, hata mvuani. Walinicheka, wakasema nakudekeza. Ukiwa jikoni nikikutaka naja jikoni. Sikuweza. Nilikuwa nikifungua mdomo kumwita mtu, nasikia komeo la lile lango.

Sasa siwezi kutembea. Daktari amekuja jana, anasema nyonga haikuunga vizuri, pengine hivi ndivyo nitakavyobaki. Siwezi kukufuata mjini, siwezi hata kufika barabarani.

Kwa hiyo nakuita. Mwanangu, njoo nyumbani.

Nisiposikia mlango nitaelewa. Una haki ya kuogopa kuitwa na mimi.

Mama yako